Mlinzi Anayekula Umeme

Hapa Katoro hakitupwi kitu. Udongo uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, mtu anaununua tena kama marudio, anaupeleka plenti, na dhahabu inatoka. Kwa hiyo mpwa wangu alipolivuta chini ya kitanda likompyuta la enzi za Windows XP na kusema, "Mjomba, hili bado lina kitu," sikuwa na la kumjibu.

Kisa ni mafaili. Mimi ndiye mtunza hesabu za duara letu, yaani shimo letu la dhahabu: mifuko mingapi imetoka, nani kapata mingapi, mwenye shamba kachukua nini. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo yanaenda na karatasi, nami karatasi zote naziweka kwenye kompyuta ya chumbani, mama Kulwa azione kwenye ya kwake na mimi kwenye simu. Sasa, intaneti ya nyumba hii tunachangia na wapangaji wa uani. Mpwa akachukua simu ya mmoja wao, akabonyeza-bonyeza, akanionyesha folda ya duara imekaa wazi, majina na migawo yote humo. Katika mji ambao ukiuza gramu tatu asubuhi, jioni umepata binamu wapya!

Basi likompyuta likafunguliwa, likapulizwa vumbi, likachomekwa kadi tatu za mtandao: moja ya kupokea intaneti ya nje, moja yetu, moja ya wapangaji. Ndani akaweka programu ya bure, OpenWrt. Hapo nikahadithiwa bila kuomba: eti ilianza 2004, baada ya watu kugundua kwamba ruta ya Linksys inayoitwa WRT54G ilikuwa na Linux tumboni, kampuni ikalazimika kuuweka msimbo wake hadharani. Mimi nataka kula, ugali unapoa. Nilichokishika ni kile kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichopenya kwa mlango namba 445, uleule ambao Windows hupitishia mafaili ya kushirikiana, wala mtu hakuhitaji kubonyeza chochote. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mlango huo, mpwa kaupiga kufuli upande wa uani.

Vizuri. Na LUKU analipa nani? Sisi tuko kwenye umeme wa matumizi madogo: yuniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, ukivuka hapo bei inaruka zaidi ya mara tatu. Likompyuta hili linakula kama wati 100, mchana na usiku. Piga hesabu: yuniti 72 kwa mwezi. Zinabaki tatu za friji, taa, televisheni na pasi ya shati la Jumapili. Mpwa anasema vipo vikompyuta vidogo vinavyofanya kazi hiyohiyo kwa wati 10. Vipo, ndiyo. Dukani.

Mama Kulwa akauliza swali moja tu: linaweza kupanga saa za kulala? Linaweza. Siku hizi ikifika saa nne usiku simu yangu inatolewa nje ya mtandao, "kwa faida ya macho yako, baba Kulwa." Nywila anayo yeye na mpwa, na mpwa karudi chuoni Dodoma. Wapangaji, kwa kuwa wanachangia, wanatazama mpira hadi alfajiri. Fundi karasha wa chumba cha pili alinionea huruma, akanipa nywila ya kwao, na Ligi ya Mabingwa naimalizia huko.

Majuzi wabia wa duara wakaja usiku, wametoka shimoni na vumbi lao, wanataka kuona mgawo hapohapo. Kompyuta iko chumbani, mama Kulwa keshalala, na mimi si mtu wa kumwamsha mama Kulwa kwa habari za mawe. Nikatoa simu kibarazani, nikaingia kwa wapangaji, nikaitafuta folda. Haipo. Nikatafuta tena. Fundi karasha akachungulia. "Mzee, kutokea huku uani hatuoni vya kwa mwenye nyumba. Tulifungiwa."

Mbia mmoja akanitazama juu hadi chini. "Kwani hapa na wewe umepanga?"