Barua ya Wazi kwa Wapanga Mji: Bustani ya Msimbazi

Waheshimiwa,

YAH: KUPUNGA UPEPO BONDENI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tumesikia kwamba bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa mwaka 2022, litapata bustani ya jiji. Mtu atatoka ofisini Posta, na baada ya muda mfupi yuko kwenye majani, anajinafasi. Hongereni sana, ila burudani huku zilishaanza zamani.

Masika yakikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na michezo ya majini hufunguliwa. Wenye mikokoteni huvusha watu, na nauli hupanda kadiri maji yanavyopanda. Bosi mwenye tai hubebwa mgongoni, viatu mkononi, akimsihi mbebaji asikimbie. Uvuvi nao upo: chupa, ndala ya mguu mmoja, na siku ya bahati, godoro.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 mlisema bonde ni hatarishi, wenzetu wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 mkaja na rangi nyekundu, mkachora X ukutani, tingatinga likafuata. Tulielewa; maji hayana mjomba. Kilichotushinda ni karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa bondeni humohumo. Labda wataalamu waligundua kwamba mafuriko huogopa mabasi. Hayakuogopa, yaliyaosha bila malipo, na baadaye karakana nayo ikaingia kwenye orodha ya kuhama. X yake hatujaiona.

Utani kando, wazo lenyewe ni zuri. Mto ukifurika, nyasi hulala na kuamka tena, nyumba haiamki.

Hofu yetu ni geti. Mji huu tunaujua: majani yakishapendeza tu, huja uzio, mlinzi na kibanda cha tiketi, halafu soda inauzwa kwa bei ya hotelini. Aliyeondolewa kwa usalama wake atarudi na watoto, alipe kiingilio kuona pale jiko lake lilipokuwa.

Kwa hiyo, kabla ya mabenchi, zuieni majitaka ya viwandani yasiingie mtoni. Waachieni vijana uwanja wa mpira. Na neno "bure" liandikeni kwenye mkataba, tena kwa wino, maana ahadi za jukwaani Jangwani tumezisikia nyingi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kigogo