Uainishaji wa Majirani Hatari Ndani ya Chipu Moja

Wataalamu wa usalama wa kompyuta hupanga udhaifu kwa herufi na tarakimu. Shule ya Kambi Muru, ambayo mwandishi huyu ndiye mwanachama wake pekee, huupanga kwa swali moja: majirani wanatumia nini kwa pamoja? Ploti, yaani nyumba za kupanga zilizobanana, kwa istilahi yetu ni chipu kama Zynq ya Xilinx, ambamo prosesa inakaa bega kwa bega na saketi inayoweza kuchorwa upya hata baada ya kununuliwa.

Jamii ya kwanza ni Wachangia Stima. Kila aliyewahi kupanga Kibera anajua: jirani akichomeka koili, balbu yako inafifia, nawe unajua anaoga saa ngapi hata kama hamjawahi kusalimiana. Mwaka 2018, Zhao na Suh wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba saketi iliyochorwa kwa ujanja upande mmoja wa chipu huhisi volteji ikitikisika, na kwa subira huungaunga hadi ikapata ufunguo wa siri wa RSA wa upande wa pili. Haigusi waya wala haiombi ruhusa. Kifaa chake ni kitanzi cha milango ya mantiki kinachojizungusha, chepesi stima ikijaa, kizito ikipungua. Amazon hukataa michoro yenye vitanzi hivyo kwenye mashine inazokodisha. Lakini mwenye ploti naye hukataza koili, na sote tunajua zinakolala: chini ya kitanda. Vihisi visivyo na kitanzi tayari vimebuniwa.

Jamii ya pili, Wagonga Ukuta, haina mengi. Safu moja ya kumbukumbu ya RAM ikigongwa, yaani ikisomwa tena na tena, upesi mno, biti za safu jirani huweza kugeuka. Utafiti wa JackHammer ulithibitisha kwamba saketi ya Arria 10 ya Intel hugonga upesi kuliko prosesa yenyewe.

Ya tatu ni Wenye Funguo. Katika shambulio la Starbleed, lililotangazwa na watafiti wa Bochum mwaka 2020, baadhi ya chipu za Xilinx hushawishiwa zifumbue ramani za siri za saketi zao zenyewe na kuziacha mahali pa kusomeka. Kasoro imo kwenye silikoni. Dawa ni kununua chipu nyingine.

Imebaki kasoro ya vifaa vya Cisco ya mwaka 2019, isiyo na jamii. Saketi iliyowekwa kukagua programu ya kuwashia kifaa ilionekana kuweza kuchorwa upya na mgeni: askari wa lango anabadilishwa akiwa zamu. Walioigundua kasoro hiyo waliipa jina la vikatuni vitatu vya paka wenye hasira. Shule yetu haina istilahi bora.