Kwa Mheshimiwa Seneta, Mlaji Wetu Mtukufu

Salinas, California

YAH: SHUKRANI ZA WAVUNAJI, PAMOJA NA OMBI MOJA DOGO

Mheshimiwa Sana Seneta, Mjumbe wa Kamati Zinazogawa Fedha za Taifa Kubwa la Marekani, shikamoo.

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni dereva wa kliniki inayotembea kwenye mashamba ya bonde la Salinas. Nilizaliwa Lushoto, ambako hata kabichi zina heshima yake, na huko nilifundishwa kwamba mkubwa haombwi kitu kabla ya kuamkiwa. Basi pokea shikamoo yangu, ya muuguzi wetu, na za wachumaji wote wa saladi, brokoli na stroberi, ambao wangekuamkia wenyewe kama si kwamba saa hii wameinama. Marahaba yako tumejiitikia wenyewe, tusikuchoshe.

Jina lako nimelihifadhi kwa adabu. Najua pia kwamba barua hii itafunguliwa na kijana wa ofisini kwako, naye atanijibu kwa kunishukuru kwa maoni yangu muhimu. Jibu hilo nalipokea mapema, kwa mikono miwili.

Niruhusu nianze na shukrani za zamani. Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, nyama ya bata mzinga ikiwa bado tumboni, Wamarekani walionyeshwa na mtangazaji Edward R. Murrow, kwenye filamu ya televisheni iitwayo Harvest of Shame, yaani Mavuno ya Aibu, jinsi wanavyoishi watu waliokichuma chakula kile. Taifa liliona haya. Septemba 1962 Rais John F. Kennedy akatia sahihi Sheria ya Afya ya Wahamaji, na fedha za kliniki za wavunaji zikapatikana. Mwaka 1966 ikafuata programu ya elimu kwa watoto wao. Tangu hapo, kila wavunaji wakilalamika, wenye busara huwakumbusha kwamba taifa lilikwisha kuona haya mara moja, na si vizuri kulitaka lione haya tena.

Tunashukuru vilevile kwamba jambo hili limebaki ndani ya ukoo. Julai 2025 Wizara ya Afya, chini ya Robert F. Kennedy Jr., ambaye kwake Rais yule ni baba mkubwa, ilitangaza kwamba vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za taifa, pamoja na shule za awali za Head Start, vihesabiwe kuwa ni hisani isiyowahusu wasio na makaratasi ya uhamiaji. Mahakama ikalizuia tangazo hilo kwa baadhi ya majimbo. Utafiti wa Wizara ya Kazi unaonyesha kwamba wavunaji takriban 4 katika kila 10 hawana makaratasi hayo. Habari ya tangazo ilifika shambani siku hiyohiyo. Habari ya mahakama hutembea kwa miguu. Mwenye presha anayeogopa kupanda ngazi ya gari letu hubaki na presha yake, na hivyo serikali huokoa kipimo.

Kuhusu vyoo, Mheshimiwa, kalamu yangu inatetemeka kwa furaha. Mwaka 1987, miaka 18 baada ya nchi yako kumfikisha mtu mwezini, na baada ya kesi ndefu, serikali ya taifa iliamuru mvunaji awe na choo, maji ya kunywa na mahali pa kunawa mikono. Kanuni ni ya kisayansi kabisa: choo kimoja kwa watu 20, kisizidi mwendo wa robo maili, kwa shamba lenye wafanyakazi wa mikono 11 au zaidi. Wakiwa 10, kanuni hiyo haiwahusu. Tumetafakari sana hekima hii, tukaona kwamba bila shaka watu 10 wakikaa pamoja hujizuia, na haja huwajia tu pale anapoongezeka wa 11. Tunaomba mtu huyo asilaumiwe.

Tunashukuru kwa Sheria ya Kazi ya 1938, iliyowapa Wamarekani wengine malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki na ambayo, kwa kuwaonea huruma wachumaji wasije wakaharibiwa na fedha, haijawapa hadi leo. Tunashukuru kwamba sheria hiyohiyo ya taifa inamruhusu mtoto wa miaka 12 kuchuma shambani nje ya saa za shule, mzazi wake akikubali, ilhali humkatalia kazi ya ofisini hadi atimize 14. Nasi tunakubali: viyoyozi vya ofisini vina madhara kwa mtoto.

Nisisahau joto. California ilitoa kanuni ya maji, kivuli na mapumziko mwaka 2005, ya kwanza nchini. Kanuni ya taifa ilipendekezwa mwaka 2024 na bado inapendekezwa. Florida, kwa upendo wa kipekee, ilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2024 ikizikataza kaunti zake kujitungia kanuni za kuwalazimisha waajiri kutoa kinga dhidi ya joto. Kivuli kikizoeleka huleta uvivu, na hilo wamelifahamu watu waliolijadili ndani ya ukumbi wenye ubaridi.

Katika suala la lugha, shukrani zetu hazina mfano. Wavunaji wengi ni wasemaji wa Kihispania. Kwa miaka mingi vibandiko vya sumu kali za wadudu viliandikwa kwa Kiingereza, ila neno la kuonya hatari na sentensi moja ya Kihispania iliyomwambia msomaji hivi: kama huelewi kibandiko hiki, tafuta mtu akufafanulie. Uungwana ulioje! Sumu yenyewe inakuhimiza ujenge ujirani mwema. Sheria ya mwisho wa 2022 sasa inataka maelezo ya usalama yawe kwa Kihispania, yakianza na sumu kali zaidi na kuendelea kidogokidogo hadi 2030. Wenye kupuliziwa sumu hafifu wana muda wa kutosha kujifunza Kiingereza. Na ili wasikose motisha, amri ya rais ya Machi 2025 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi na kuifuta ile ya Agosti 2000 iliyozitaka ofisi za serikali ziwahudumie wasiokimudu.

Nisamehe nikikupeleka ndani ya gari letu kidogo. Mama mmoja mwenye kisukari, kisu chake cha kukatia saladi kikiwa bado kiunoni ndani ya ala, alipewa kipeperushi cha Kihispania. Kina picha ya familia inayocheka mezani. Alikishika kwa heshima, akaitikia kwa kichwa, akasema gracias, yaani asante. Baadaye tukagundua kwamba lugha yake ni Kimixteco, ya milimani Oaxaca, na Kihispania chake kinaishia hapo kwenye gracias. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyetafsiri, akiwa amekosa shule asubuhi hiyo kwa ajili ya kazi hiyo. Ushauri mkuu wa kipeperushi ulikuwa huu: kula mboga za majani kwa wingi. Mama akacheka mpaka tukalazimika kumpima presha upya.

Binti huyo ni mfano mzuri wa elimu yetu. Kila Novemba, saladi inapohama kutoka Salinas kwenda Yuma, Arizona, kufuata joto, genge la wavunaji nalo huhama, na watoto nao. Wanarudi majira ya kuchipua. Mtoto hufika shule mpya katikati ya muhula, faili lake likiwa bado njiani, basi hurudishwa kwenye hesabu aliyokwisha kuifaulu na wakati mwingine huchanjwa sindano aliyokwisha kuchanjwa. Kinga yake ni maradufu, tunashukuru. Programu ile ya 1966 ipo kwa ajili ya watoto hawa hasa, wa miaka 3 hadi 21, ikigharimu takriban dola milioni 375 kwa mwaka. Julai 2025 fedha hizo zilizuiwa wiki kadhaa ndipo zikaachiwa, na bajeti iliyopendekezwa kwa mwaka 2026 ikaifuta programu nzima. Tulijifunza mengi katika wiki zile, na kujifunza ndiyo elimu yenyewe.

Sasa, Mheshimiwa, naomba kukiri mshangao. Kuna watu husema serikali yako haiwezi kumhudumia kiumbe anayehamahama mashambani. Huo ni uzushi, na niko tayari kukutetea popote, maana nimeona kwa macho yangu inavyohudumia saladi.

Saladi ikishakatwa haikai juani. Hukimbizwa kwenye mtambo wa kupozea, ikapozwa kwa takriban nusu saa hadi karibu na nyuzi sifuri, kisha ikapanda lori lenye ubaridi hadi pwani ya mashariki. Huvuka mipaka ya majimbo bila kuulizwa imezaliwa wapi. Maji inayonyweshwa yana kanuni za taifa za usalama. Kanuni nyingine, ya 2022, ingawa utekelezaji wake umesogezwa mbele, inataka kumbukumbu za safari yake yote zipatikane ndani ya saa 24 serikali ikiziulizia. Na ikiugua? Novemba 2018, siku mbili kabla ya sikukuu ileile ya Shukrani, saladi ya romaine iliposhukiwa kuwa na bakteria wa E. coli, maofisa wa afya waliliambia taifa zima liache kuila mara moja. Wapelelezi wakashuka mashambani. Hakuna aliyesema saladi ijitafutie mtu wa kuifafanulia.

Kwa unyenyekevu huo, na kwa kuwa haki za binadamu tumeelezwa kwamba zina mlolongo mrefu, sisi tuliotajwa tunaomba jambo moja tu: kwamba Bunge lako tukufu litusajili rasmi kuwa saladi.

Hatuombi daraja la juu. Romaine tunaiachia wenye uwezo. Ya kawaida inatosha. Tukisajiliwa, wavunaji watapozwa ndani ya nusu saa baada ya kazi, watanyweshwa maji yaliyopimwa, na mmoja akiugua mashamba yote yatakaguliwa. Watoto wetu watapigwa namba ya sanduku, ili mwalimu wa Yuma ajue ndani ya saa 24 wameishia hesabu gani Salinas. Kwa upande wa gharama usiwe na wasiwasi: mitambo ipo, malori yapo, wakaguzi wapo. Kwa upande wa uhamiaji, tutasafiri tukiwa tumefungwa kwenye plastiki. Tunaahidi kutodai mishahara ya nyuma, maana saladi haidai.

Ikiwa Kamati itaona ombi hili limepita kiasi, tuko tayari kuanza majaribio tukiwa spinachi.

Nawasilisha, nikikutakia mlo mwema.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa lako,
Dereva

Kiambatisho: saladi moja, pamoja na makaratasi yake yote.