Sifa za Kilo Zilizogoma

Katika kaunti ya Nyeri hakuna chombo kinachosengenywa kama mizani. Mkulima wa Othaya hufikisha majani yake ya chai kituoni, akayaona yakining'inizwa, na njiani akirudi nyumbani hulalamika kwamba yamesomwa pungufu. Mwenzake wa Tetu anayepeleka kahawa mbivu kiwandani ana kesi iyo hiyo. Jioni, nyumba ile ile humpandisha mtu kwenye mizani ya pili, hii ndogo ya chumbani, na sasa kosa lake ni kwamba imesoma zaidi. Mjini kuna ya tatu, ile inayowekwa juu ya kipande cha katoni kando ya steji ya matatu, mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda kungoja wapita njia. Mteja huvua viatu kwanza. Kisha huvua jaketi, maana Nyeri ina baridi na jaketi lina uzito. Hutoa simu, funguo na sarafu mfukoni. Hupanda taratibu kama anayekanyaga yai, na hubana pumzi, ingawa hakuna aliyewahi kuwa mwepesi kwa kubana pumzi. Mshale hutetemeka, hutulia. Kilo 81. Mwezi uliopita zilikuwa 81, na mwezi wa kabla ya huo. Mwenye mizani hata hainui macho.

Naandika kuzitetea kilo hizo 81. Watunzi wamesifu wapenzi, viongozi na hata ng'ombe, lakini kilo iliyogoma haijapata ubeti mmoja. Husimangwa asubuhi, hulaumiwa kwa marafiki, huombewa dawa za majani na chai za kusafisha tumbo. Dai langu ni hili: kilo zinapogoma, aliyekuwa akipunguza uzito ameshafika mahali, na mgomo huo ndio stakabadhi yake. Anayeirarua bila kuisoma atapoteza hata alicholipia.

Tuanze na hesabu. Tuseme mtu alikuwa na kilo 90 mwezi wa Januari, akaacha soda na mandazi, akaanza kutembea alfajiri. Wiki ya kwanza kilo hushuka kwa kasi ya kumlewesha, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji. Akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli, glikojeni, hukaa na takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1, na ikitumika, maji yake nayo huaga. Baada ya hapo zamu ni ya mafuta, na mafuta hayana haraka, kwani kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori 7,700 hivi. Akifika 81, mwili wake umebadilika kuliko kioo kinavyoonyesha. Umekuwa mdogo, kwa hiyo unahitaji kidogo. Unapanda kilima ukiwa na mzigo mwepesi. Na juu ya hayo unabana matumizi kupita udogo wake. Kevin Hall, mtafiti wa Marekani aliyeipigia habari hii hesabu kwa miaka mingi, anakadiria kwamba kila kilo inayopotea hushusha matumizi ya siku kwa kalori 20 hadi 30, na hupandisha hamu ya chakula kwa takriban kalori 100. Zidisha kwa 9. Mtu wetu anatumia kalori 200 na ushei chini ya zile za Januari, huku tumbo likimdai 900 za ziada kila siku. Kusimama imara kwenye 81 dhidi ya mdai wa namna hiyo si kazi ndogo. Ziko benki zilizofungwa kwa deni dogo kuliko hilo.

Mwili unaobana matumizi hivi ni kama mweka hazina ambaye kila mwanachama wa chama anamjua. Michango ikipungua miezi miwili mfululizo, hangoji mkutano; anaficha daftari la mikopo na kuzima taa za vyumba visivyo na watu. Mwilini taarifa humfikia kwa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Leptini hutolewa na mafuta yenyewe. Yakipungua, nayo hushuka, na ubongo husoma ujumbe mmoja tu: mvua zimekosekana. Haujui kwamba kilichotokea ni harusi ya Desemba na gauni lililokwisha kununuliwa.

Na kwa nini ubongo usome hivyo? Hapa ndipo watu wa Mlima Kenya, kuliko wengi, wangepaswa kuwa na adabu mbele ya kilo iliyogoma. Mwaka 1931 daktari Gilks, aliyekuwa mkuu wa tiba wa koloni la Kenya, pamoja na Boyd Orr, bingwa wa lishe kutoka Scotland, walichapisha ripoti iliyowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Walimkuta Mmaasai mzima wa kiume akimzidi mwenzake Mkikuyu kwa takriban sentimita 12 za urefu na kilo 10 za uzito. Wasiwasi wa serikali wakati huo ulikuwa wembamba wa wakulima hawa. Ikaja njaa ya 1943, inayokumbukwa kwa Kikuyu kama Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Ikaja Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na kuanzia 1954 watu wakasukumwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, mashamba yakabaki mbali na saa za kutoka zikawa za kuhesabu. Aliyevuka miaka hiyo alivushwa na mweka hazina huyu huyu. Walioandaliwa njaa ya makusudi katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, vijana 36 waliojitolea chini ya Ancel Keys, walionyesha kazi yake ilivyo: walipoteza karibu robo ya uzito wao, mapigo ya moyo yakapungua, wakahisi baridi wakati wengine hawahisi, na matumizi yao ya nguvu yakashuka kuliko ilivyotarajiwa kwa upungufu wa miili yao. Leo wajukuu wa waliookolewa wanamwita msaliti. Upepo umegeuka, hilo nakubali: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na kaunti za huku ni miongoni mwa zilizo mbele. Ila mweka hazina hakuarifiwa kwamba nyakati zimebadilika.

Atasimama mtu aseme kwamba haya yote ni maneno ya kupamba uvivu, kwamba kilo hazikugoma, mwenye kilo ndiye aliyelegea. Ana haki zaidi ya nusu, na wala simfukuzi. Hesabu zenyewe zinaonyesha kwamba ubanaji wa mwili peke yake ungechukua muda mrefu zaidi, mwaka na kuendelea, kabla ya kusimamisha mshale. Anayekwama mwezi wa sita kwa kawaida ameanza kuonja pembeni. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 walioapa kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Walikutwa wakiripoti karibu nusu tu ya walichokula, na kujiongezea mazoezi kwa nusu nyingine. Hawakuwa waongo, walikuwa wanasahau, kama tunavyosahau chai. Na chai ya huku si maji yaliyotiwa rangi. Kikombe cha maziwa nusu kwa nusu na vijiko viwili vya sukari hakipungui kalori 100, na ni nani aliyewahi kuingia nyumba ya mtu Karatina akatoka na kikombe kimoja? Vinne kwa siku vinafuta zile kalori 200 na ushei ambazo mwili umezibana na chenji hubaki, kabla chapati haijafunuliwa, kabla ya mtaa wa Kamakwa na nyama yake ya jioni, kabla ya ruracio, sherehe ya mahari, ya Jumamosi ambako mukimo hupakuliwa kwa mwiko usiojua kupima na kukataa ni kumtukana mama mwenye nyumba. Nani huleta haya yote mbele ya kikao? Kilo iliyogoma. Ni mkaguzi wa hesabu asiyekula mlungula, tena hatozi kitu.

Mwingine atasema dawa ni jasho: kama 81 zimegoma, aongeze mbio. Nyeri ilimzaa Catherine Ndereba, na kila mwenye viatu vya mazoezi hapa hujiona ni jirani yake. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Waliwanywesha maji yaliyotiwa alama ili kujua nguvu zinazotumika mwilini kwa siku, na baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, wawindaji hao hawakuwa wakitumia zaidi ya wafanyakazi wa ofisini wa Marekani na Ulaya. Mweka hazina ukimlazimisha kulipia mbio, hukata fungu lingine. Sisemi mtu aache kupanda kilima cha Nyeri alfajiri. Moyo unafaidika, sukari ya damu inashuka, na wengi wa waliopungua wakadumu ni wale wanaosogea. Nasema tu kwamba kilo zilizogoma hazitishiki kwa kelele za viatu.

Pingamizi zito ni la daktari. Mtu mwenye presha na sukari hana anasa ya kusifu mizani. Hapa kilo iliyogoma inajitetea yenyewe vizuri kuliko mimi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 na kutangazwa mwaka 2002, lengo la kundi moja lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kusogea dakika 150 kwa wiki. Wengi walishuka, wakakwama, wakarudi juu kidogo. Kwa wastani walibaki chini kwa kilo 5 na nusu hivi. Na bado wagonjwa wapya wa kisukari kati yao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi la kulinganishia. Mtu wetu ameacha kilo 9 kati ya 90. Faida anayoililia ameshaipokea, iko mfukoni, akilia nayo. Tena mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwasimamisha kwa makusudi wanaume wanene waliokuwa wakijinyima, wiki mbili za kupungua na wiki mbili za kula kiasi cha kutoshuka wala kupanda, na waliosimamishwa walipoteza kilo 14 dhidi ya 9 za wale waliokwenda moja kwa moja. Majaribio mengine hayakupata tofauti kubwa hivyo. Wapandao Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hulala kambi ya Shipton's, mita 4,200, na hakuna anayeamka pale akisema mlima umemkataa.

Anayetaka kuendelea basi azungumze na mgomo kama watu wazungumzavyo na wagomaji wengine, kwa kuketi. Apige hesabu ya mwili wa 81, maana ile ya 90 ilikwisha. Apakue githeri yenye maharage mengi kuliko mahindi, na njahi na mayai, kwa kuwa protini hushibisha na hulinda misuli. Ainue kitu kizito mara mbili au tatu kwa wiki; jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20 na kidogo na haina ada ya uanachama. Alale. Ajipime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kwani misuli inaweza kuingia huku mafuta yakitoka na mshale usione tofauti. Kwa mwendo huo, baada ya miezi, huenda akafika 76, na hapo kilo zitagoma tena, kwa sababu zile zile. Kando ya steji atavua viatu, atatoa funguo, atabana pumzi, na mwenye mizani atamtoza sarafu ile ile aliyomtoza kwa 81.