Mwongozo kwa Mwenye Jino Bovu na Visingizio Vizima

Jino limetoboka. Umelihonga karafuu, ukalihonga maji ya chumvi, ukalihonga vidonge vya dukani, na bado linakukalisha kitako usiku kucha. Karafuu ina sifa yake: mafuta yake ya yujenoli hutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki kupata kizibo cha muda. Lakini karafuu uliyoibana kwenye gego haizibi tundu. Weka visingizio chini, ufuate hatua hizi.

1. Nenda likiwa bado linauma kidogo. Tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Likifika kwenye kiini chenye neva, utahitaji tiba ya mzizi, yenye gharama kubwa na mara nyingi vikao kadhaa. Ukingoja zaidi, linabaki koleo. Na usishangilie jino likinyamaza ghafla. Huenda neva imekufa, na maambukizi yanaendelea kuchimba mfupa.

2. Ukienda hospitali ya serikali, wahi asubuhi na kadi yako ya bima, na kila unacholipa dai risiti. Ukishakaa kwenye kiti usiwe bubu. Uliza: “Daktari, jino hili haliwezi kuzibwa?” Wagonjwa wengi hufika wamechelewa, ndiyo maana kung'oa kumezoeleka, wewe lipiganie jino lako. Kuziba hakuhitaji mashine kila mara. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ilipoanzia mbinu ya ART: uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, bila umeme, kisha tundu huzibwa kwa sementi. Tatizo likizidi uwezo wa hospitali ya wilaya, omba rufaa. Muhimbili wapo mabingwa wa kinywa na meno.

3. Ukienda kliniki binafsi, unalipia zaidi muda: miadi, foleni fupi, pengine huduma ya jioni baada ya kazi. Kabla ya kufungua mdomo kwa daktari, ufungue kwa mhasibu. Bei ya kumwona daktari ni kiasi gani? Eksirei je? Kizibo? Kofia ya jino inalipiwa peke yake? Omba waandike. Runinga ya ukutani na viti vya ngozi havitibu mtu. Angalia glavu mpya, angalia vifaa vinavyotoka kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na uhakikishe anayekutibu amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

4. Soma bima yako kabla haijakusoma wewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini kadi mfukoni si ahadi ya kila tiba. Uliza mapema: kung'oa kumo? Kuziba? Tiba ya mzizi? Meno bandia?

5. Changanya milango. Hakuna amri ya kuchagua upande mmoja milele. Unaweza kupiga eksirei kliniki binafsi, ukang'olewa hospitali ya serikali. Picha ni yako, iombe, uibebe.

6. Jua lisilongoja. Shavu au shingo ikivimba ukawa na homa, au ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, nenda idara ya dharura iliyo karibu usiku huohuo. Usimeze antibiotiki zilizobaki za jirani. Haziondoi chanzo, na maambukizi yanaweza kukubana koo.

7. Nenda na mtoto wako. Gego la kwanza la kudumu huota akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani litang'oka lenyewe, wakaliacha lioze. Halina mbadala. Mpigishe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, usiku ukisimamia mwenyewe, na umwombe daktari alikague gego hilo siku hiyohiyo anapokutibu wewe. Mtoto akizoea kiti cha daktari kabla ya maumivu, hatahitaji kurithi visingizio vyako.