Sifa za Stuhl na Sessel

Miongoni mwa neema ambazo binadamu hajazishukuru ipasavyo, nomino za Kijerumani za vitu vya nyumbani zinastahili kutajwa mapema, kwa kuwa zimetenda jambo ambalo hata vita havikuliweza: kumfanya mkazi wa Juba Na Bari, mtaa wa jiji la Juba, akitazame kiti cha plastiki alichokikalia miaka yote chini ya mwembe na asijue ni kitu gani.

Kwa mtu wa Berlin, kiti cha kawaida chenye miguu minne na egemeo ni Stuhl, ilhali Sessel ni kochi la mtu mmoja, lenye mahali pa kulaza mikono. Kwa Mwaustria, Sessel ndicho kile kiti cha kawaida, na kochi hupewa jina la Fauteuil, lililokopwa kwa Wafaransa. Kiti kimoja, basi, hupanda cheo na kushuka kwa kuvuka mpaka tu, bila kuongezwa mguu wala kupunguzwa. Na kana kwamba fadhila hiyo haitoshi, Stuhl hospitalini ni haja kubwa, hivyo daktari anayemwomba mgonjwa Stuhl ya kupimwa maabara hatarajii kuletewa samani. Na Heiliger Stuhl, yaani Kiti Kitakatifu, ni mamlaka ya Papa mjini Roma. Ni nomino ipi nyingine duniani yenye unyenyekevu wa kuwahudumia Baba Mtakatifu na mwenye kuhara kwa moyo ule ule? Mapadri wa Kikatoliki waliokuja kutoka milki ya Austria katika miaka ya 1850 na kukaa Gondokoro, ng'ambo ya mashariki ya Nile, karibu na ilipo Juba leo, walitumwa kwa idhini ya Heiliger Stuhl na bila shaka walikalia Sessel. Kazi yao ilizaa matunda: mwaka 1867 msomi aitwaye Mitterrutzner alichapisha mjini Brixen, Tirol, kitabu cha sarufi na msamiati wa Kibari, lugha ya wenyeji wa Gondokoro, kilichoelezwa kwa Kijerumani, lugha ambayo yenyewe ilikuwa bado haijaafikiana kuhusu kiti.

Sifa nyingine hazihitaji maneno mengi. Mezani, kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu hakina jinsia. Büchse ni kopo la maharage na pia ni bunduki ya kuwindia, utajiri wa maana ambao katika jiji lililosikia mizinga mwaka 2013 na tena 2016 unampasa mnunuzi kuutumia kwa uangalifu.

Utukufu huu wote ungebaki burudani ya wasomi kama Bunge la Ujerumani lisingeamua, mwaka 2007, kuutundika mlangoni. Tangu hapo mke au mume anayetaka kumfuata mwenzi wake Ujerumani hudaiwa, ila kwa waliosamehewa na sheria, cheti cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, kabla ya kupewa viza. Katika sehemu moja ya mtihani wa mazungumzo wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, mtahiniwa huchukua kadi yenye picha ya kitu cha kila siku na kutunga ombi kwa Kijerumani. Ndoa, kwa sehemu yake, inangojea apate jina la kilichochorwa. Kwa anayeutafuta mtihani huo kutoka Juba, taasisi hiyo ilikuwa na ofisi Khartoum, nako vita vilianza Aprili 2023; ipo Nairobi, kwa mwenye nauli na pa kulala. Ubalozi wa Ujerumani mjini Juba ulifungwa kwa muda Machi 2025, kwa sababu za usalama, sababu zile zile ambazo mwombaji anatakiwa kuzivumilia huku akikariri majina ya samani. Huo si mtihani wa lugha. Ni ukuta, na waliouweka wanajua.

Wanaosamehewa nao wana mantiki yao. Mmarekani anayeishi Ujerumani, kwa kuwa pasi yake humruhusu kuingia na kukaa bila viza, anaweza kumleta mwenzi wake bila cheti hicho, awe mwenzi huyo ametoka popote. Raia wa Ujerumani aliyeoa Juba hana kwa kawaida ruhusa hiyo katika nchi yake mwenyewe, ingawa Stuhl na Sessel alizijua tangu utotoni.