Sifa za Foleni ya Bafe Melini

Katika vitu vyote vinavyopatikana ndani ya meli ya kitalii, yaani meli ambayo abiria wake hupanda si kwa sababu wana mahali pa kwenda bali kwa sababu wanataka kukaa humo kwa siku kadhaa, wakila, wakiogelea na kutembezwa bandari hadi bandari, hakuna kilichosingiziwa maovu mengi kuliko foleni ya bafe. Wasafiri huilaani, kampuni za meli huificha katika picha za matangazo, na watoto huketi chini sakafuni katikati yake wakagoma. Hata hivyo, mpangilio mzima wa chakula katika safari hizo ukichunguzwa kwa haki, itaonekana kwamba karibu kila kinachosifiwa humo, kuanzia ukumbi wenye vitambaa vyeupe hadi mkahawa wa kulipia unaouza nyama ya ng'ombe ya kuchoma, kinapata thamani yake kutokana na foleni hiyo inayodharauliwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unastahili kutajwa mapema. Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean iliyoanza kusafirisha watalii kutoka Miami mnamo Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi wapatao 2,350, idadi inayotosha kuwa mji mdogo wenye diwani wake, na watu hao huwa na tabia moja ya ajabu, nayo ni kusikia njaa kwa wakati mmoja. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua bafe, yaani utaratibu wa vyakula kupangwa mezani ili kila mlaji ajipakulie, kutokana na harusi za ukumbini, ambako mshereheshaji huita meza moja baada ya nyingine na walioketi nyuma hujifunza kwamba kuku huisha kabla ya wali. Lakini harusi ina mshereheshaji, na meli haina. Melini kila mtu amejiita mwenyewe, na kinachozuia vurugu ni foleni peke yake, ambayo haina sare, haina kipaza sauti, wala haidai bakshishi.

Neno bakshishi halikutajwa bure. Familia inayonunua safari ya namna hii huambiwa kwamba chakula kimo ndani ya nauli, na kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi ambacho kauli za wauzaji huwa za kweli. Kilichomo ndani ya nauli kwa kawaida ni ukumbi mkuu wa chakula, ambako wahudumu huleta sahani mezani kwa hatua, kwanza kianzio, kisha mlo wenyewe, kisha kitamutamu. Imo pia bafe, ambayo hufunguliwa sehemu kubwa ya siku. Na vimo vibanda vya piza, vitafunwa na aiskrimu karibu na bwawa la kuogelea. Kisichokuwemo ni mikahawa maalumu, ile midogo yenye mwanga hafifu na viti vizito, ambayo hutoza ada kwa kila mlaji au kwa kila sahani. Ni pombe na, katika kampuni nyingi, hata soda, ambazo huuzwa moja moja au kwa kifurushi cha siku zote za safari. Na ni bakshishi ya wahudumu, ambayo siku hizi haisubiri ukarimu wa mtu bali hukatwa kila siku kwenye hesabu ya kila abiria, mara nyingi pamoja na mtoto aliyeshindia chipsi. Mambo haya yote yameandikwa katika karatasi ambazo hakuna anayezisoma. Foleni ndiyo inayoyafundisha. Baba aliyesimama kwa muda mrefu akiwa na sahani tupu mkononi, mbele yake kuna ukoo mzima unaojadiliana kuhusu viazi, anaelewa bila kufafanuliwa kwa nini mkahawa wa kulipia upo na kwa nini bei yake imepangwa hivyo, na ndiyo sababu siku ya kwanza ya safari wauzaji wa vifurushi vya mikahawa hiyo hupenda kuweka meza yao karibu na mlango wa bafe. Anayefanya biashara hiyo bila foleni angelazimika kusifia nyama. Mwenye foleni hahitaji kusema neno.

Wanaoilaumu husahau pia kwamba foleni ilizaliwa na uhuru. Katika meli za abiria za karne ya 19 watu wa daraja la kwanza walikula kwenye meza ndefu za pamoja, juu ya viti vya kuzunguka vilivyokazwa sakafuni ili mawimbi yasivihamishe, na kila mmoja alikuwa na kiti chake, saa yake na jirani yake, apende asipende. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iitwayo Amerika ilifungua humo mkahawa uliobeba jina la Ritz-Carlton, ambamo tajiri aliweza kuagiza alichokitaka kwa saa aliyoitaka na kukilipia mbali na nauli, na tangu hapo biashara ya kumuuzia abiria njia ya kuwaepuka abiria wenzake haijawahi kukosa wateja. Wengine wote waliendelea na zamu mbili za chakula cha usiku, moja yapata saa 12 jioni na nyingine yapata saa 2, kila familia ikiwa na meza iyo hiyo na mhudumu yuyo huyo hadi mwisho wa safari. Utaratibu huo haukuwa na foleni ya kutajwa, kwa kuwa haukuwa na cha kugombea. Mtu hawezi kuwania kiti ambacho tayari kina namba yake.

Kisha mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza mtindo wake wa kumwacha abiria ale anapotaka na wakati anaotaka, bila zamu na bila kulazimishwa suti, na kampuni nyingine zikafuata kwa njia zao. Matokeo yangeweza kukisiwa na mama ntilie yeyote. Watu elfu kadhaa walipoachiwa wachague saa ya kula, walichagua saa moja, na mlangoni ikabidi wapewe vifaa vidogo vinavyotetemeka mkononi meza inapopatikana, kifaa ambacho kwa hakika ni foleni iliyotiwa betri. Kampuni ya Disney ilijaribu dawa tofauti tangu meli yake ya kwanza mwaka 1998: familia huzungushwa katika kumbi tatu kwa ratiba iliyopangwa, na wahudumu wake huhama nayo, hivyo kwamba usiku wa tatu mhudumu anajua tayari ni mtoto yupi ana mzio wa karanga na yupi hali kitu cha kijani. Ni utaratibu mzuri kwa wazazi waliochoka, na hilo ndilo kosa lake, kwani mtoto anayekulia humo anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba chakula humtafuta mlaji.

Upande wa afya, foleni inastahili medali. Adui mkuu wa tumbo la msafiri wa baharini ni norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuhara, kilichopewa jina kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako kiliwaugusha wanafunzi wengi wa shule moja mwaka 1968, na ambacho huenea kwa urahisi mahali ambapo watu wengi hushika kitu kimoja. Kwenye bafe kitu hicho ni koleo, yaani kile kibano cha kuchukulia chakula, ambacho kwa mlo mmoja hupita katika viganja vya watu wengi kuliko noti ya shilingi elfu sokoni Kariakoo. Dawa ya mikono yenye spiriti haikiwezi sana kirusi hicho. Kinachofaa ni sabuni na maji ya bomba, na meli mpya huweka masinki mlangoni mwa bafe, huku kwenye meli za Norwegian baadhi ya wafanyakazi wakisimama hapo kuwaimbia abiria wanawe. Ni nani angesimama kunawa kama asingekuwa amezuiwa na mgongo wa mtu wa mbele? Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambayo hukagua bila taarifa meli zinazotia nanga katika bandari za nchi hiyo na kuzipa alama kati ya 100, ambapo 85 kushuka chini ni kufeli, hudai kwamba chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Foleni husaidia kutimiza sharti hilo kuliko jiko lolote, kwa sababu trei yenye watu arobaini mbele yake haipati nafasi ya kupoa. Wenye busara ya kula saa za upweke, na washauri wa usafiri huwasifu sana hao, ndio hukutana na tambi zilizokwisha kukata tamaa.

Sifa nyingine ni ya usawa, na hapa mtetezi wa foleni anaweza kupandisha sauti kidogo. Katika Queen Mary 2, meli ya kampuni ya Cunard iliyoanza safari mwaka 2004, ukumbi wa chakula cha usiku huamuliwa na bei ya chumba, kwa hiyo mwenye chumba kikubwa hula katika mkahawa wake na mwenye chumba cha kawaida katika ukumbi wake, na mlango wa wakubwa haufunguki kwa wadogo. Kampuni nyingine zimejenga hata sehemu zenye bwawa, baa na mkahawa wa faragha ambazo kadi ya abiria wa kawaida haizifungui. Bafe haijui tofauti hizo. Aliyelipia roshani inayotazama bahari na aliyelala katika chumba kisicho na dirisha husimama pamoja mbele ya mpishi wa kimanda, wakiwa wamevaa kandambili zilezile, na mpishi huuliza wote swali moja kuhusu vitunguu.

Kwa familia ya Kiislamu, iwe imetoka Mombasa, Muscat au Leicester, mwendo wa polepole wa foleni una faida ambayo hakuna mhudumu angeweza kuiuza. Kampuni nyingi huhitaji kuarifiwa mapema kuhusu chakula cha halali au mzio, na taarifa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi katika ukumbi mkuu, ambako jikoni hujua sahani inakwenda kwa nani. Kwenye bafe ulinzi ni kibandiko kidogo mbele ya trei na macho ya mlaji. Mwenye haraka angepita. Aliyekwama kwenye foleni anapata muda wa kusoma kila kibandiko mara mbili, na muda wa kuona pia koleo likitoka kwenye vipande vya nyama ya nguruwe na kuingia, mkononi mwa bwana mmoja mchangamfu, kwenye soseji za kuku. Elimu hiyo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye ukumbi mkuu, ambao katika meli nyingi hufunguliwa hata asubuhi, na mara nyingi mchana pia siku ambazo meli haitii nanga, bila malipo ya ziada, na ambao abiria wengi hawaukumbuki kwa sababu hawakuwahi kuteseka vya kutosha.

Lipo jambo moja ambalo wanaoisifu foleni hulipitia haraka, nalo ni kisasi cha sahani. Aliyesubiri sana huona ni haki yake kujipakulia kwa ajili ya kusubiri huko pamoja na kwa ajili ya njaa, akihofia kurudi mwisho wa mstari, na kinachobaki huenda kwenye mashine ya kusaga jikoni. Sheria za kimataifa za kuzuia uchafuzi wa bahari huruhusu mabaki ya chakula kumwagwa meli ikiwa safarini, yakiwa yamesagwa kiasi cha kupita kwenye wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 25, kuanzia umbali wa maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na katika maeneo yenye ulinzi maalumu, Karibi na Mediterania yakiwemo, kuanzia maili 12. Samaki wa huko ndio wateja pekee wa meli wanaohudumiwa kwa kufuatwa.

Foleni, mwishowe, ina nyuso mbili, na ule wa pili hutazamwa na mtu aliye upande wa ndani wa meza, mara nyingi Mfilipino, Mwindonesia au Mhindi, ambaye mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaweka kikomo cha saa 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki, vikomo ambavyo kwa mfanyakazi wa nchi kavu vingeonekana kama maelezo ya kosa. Kwake foleni haimaliziki bali hubadilisha sura. Siku ya kurudi bandarini abiria wa zamani hupata kifungua kinywa cha mwisho wakiwa na mizigo ya mkononi katikati ya miguu yao, na kabla ya adhuhuri wapya huanza kupanda. Vyumba vyao havijawa tayari, ukumbi mkuu hawajajua uliko, na wote kwa pamoja huelekezwa juu kwenye bafe. Kati ya mtu wa mwisho wa asubuhi na mtu wa kwanza wa mchana hupita saa chache tu, na wahudumu huzitumia kufuta meza, kubadilisha makoleo na kupanga upya sahani safi, nyingi kuliko zitakazotosha kwa dakika ishirini za kwanza.